Mzee Alikuwaje Wiki Mbili Zilizopita?

Kati ya tarehe 12 na 14 Desemba 2022, watafiti nchini Ufaransa waliwafuatilia wagonjwa 1,598 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, waliofika katika idara za dharura 97 na kuamuliwa kuwa walazwe. Baadhi yao walipata kitanda wodini kabla ya saa sita usiku. Wengine walibaki kwenye machela ya dharura mpaka asubuhi. Miongoni mwa waliolala kwenye machela, asilimia 15.7 walifia hospitalini. Miongoni mwa waliopata wodi, asilimia 11.1. Hata baada ya hesabu kuzingatia umri na uzito wa ugonjwa, pengo halikufutika. Na walioumia zaidi walikuwa wale ambao tayari walihitaji msaada wa mtu katika mambo ya kila siku, kama kuoga na kuvaa.

Nimetanguliza matokeo hayo kwa sababu upimaji wa udhaifu wa uzeeni, katika hospitali nyingi, huchukuliwa kama nyongeza ya hisani: ukifanyika ni vizuri, usipofanyika hakuna kilichoharibika. Takwimu za Ufaransa zinakataa. Ikiwa usiku mmoja wa taa kali, kelele na machela nyembamba unaweza kumwangusha mtu fulani kuliko jirani yake, basi kumtambua mtu huyo mapema ni kazi ya dharura kama ilivyo kupima presha. Ugumu ni kwamba idara ya dharura haikuundwa kwa ajili ya kumtambua. Iliundwa kuuliza kitu kimoja kwa haraka: ni nini kinachoweza kumuua mgonjwa huyu ndani ya saa chache zijazo? Ni swali zuri, limeokoa wengi. Lakini kwa mzee halitoshi, kwa kuwa kinachomuua huenda si kile kilichomleta.

Umri wenyewe hausaidii sana. Watu wawili wa miaka 83 wanaweza kulala machela kwa machela, wote wana nimonia, wote wana presha ileile, na mmoja wao mwezi uliopita alikuwa akipanda ngazi na mzigo mkononi huku mwenzake hawezi kutoka kitandani bila kushikwa. Kinachowatofautisha ni akiba, yaani nguvu ya ziada ambayo mwili huitegemea unapopata pigo. Misuli, moyo, figo na ubongo wa mtu anayezeeka hupunguza akiba yake kwa kasi isiyofanana kati ya mtu na mtu. Akiba ikiisha, jambo dogo kama dawa mpya, maambukizi ya njia ya mkojo au siku mbili za kutokula hufanya kazi ambayo ugonjwa mkubwa ungeifanya kwa mtu mwingine. Mwenye akiba huugua, akapona, akarudi alipokuwa. Asiye na akiba huugua kidogo, akapona nusu, na ile nusu iliyobaki haimrudii.

Kuishiwa akiba huku ndiko udhaifu wa uzeeni. Wataalamu wamekubaliana kuhusu hali yenyewe, ila namna ya kuipima imewagawa kambi mbili. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu usioisha, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Ukiwa na tatu au zaidi unahesabiwa dhaifu. Kambi ya pili, ambayo jina lake kubwa ni Kenneth Rockwood wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, inahesabu upungufu wote uliojikusanya mwilini, kuanzia magonjwa na dalili hadi mambo ambayo mtu hawezi tena kuyafanya, na kusema kwamba kadiri upungufu unavyoongezeka ndivyo akiba inavyopungua.

Njia ya Fried inafaa utafiti na kliniki ya miadi. Katika idara ya dharura inachekesha kidogo: mwambie aliyevunjika nyonga atembee mita chache ili tumpime kasi. Njia ya kuhesabu upungufu nayo, ikifanywa kikamilifu, inataka orodha ya vitu thelathini au zaidi. Ndiyo maana Kipimo cha Kliniki cha Udhaifu, ambacho Rockwood na wenzake walikichapisha mwaka 2005, kimeenea sana katika dharura. Kilianza na ngazi saba, kikaongezwa hadi tisa, na maelezo yake yakarekebishwa mwaka 2020. Ngazi ya kwanza ni mtu mkakamavu kuliko rika lake. Ya nne ni mtu asiyemtegemea yeyote lakini dalili za mwili zimeanza kumbana. Ya tano anahitaji kusaidiwa mambo mazito kama fedha, usafiri na kupanga dawa; ya sita anasaidiwa kila jambo la nje ya nyumba, na ndani ngazi na kuoga vinamshinda; ya saba anategemea wengine kwa mahitaji yote ya mwili wake. Ya nane ni mtu anayekaribia mwisho. Ya tisa imetengwa kwa mwenye ugonjwa usiotibika ambaye hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita, hata kama bado anatembea mwenyewe.

Kuanzia ngazi ya tano mtu huhesabiwa kuwa anaishi na udhaifu. Tarehe 4 Julai 2023, idara za dharura 62 katika nchi 14 za Ulaya zilipima kwa pamoja wagonjwa wao wa miaka 65 na kuendelea, jumla 3,479, na takriban asilimia 40 walikuwa ngazi hiyo au zaidi. Watu huisoma namba hiyo kwa upande mmoja tu, kwamba wazee dhaifu ni wengi. Mimi naisoma pia kwa upande wa pili. Asilimia 60 hawakuwa dhaifu, na idara inayopanga matibabu kwa kutazama mwaka wa kuzaliwa inawaonea hao pia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama kipimo hiki kina maana au hakina. Ngazi haitolewi kwa jinsi mgonjwa anavyoonekana sasa. Inatolewa kwa jinsi alivyokuwa wiki mbili kabla ya ugonjwa uliomleta. Sharti hili limeandikwa wazi, linafundishwa, na bado ndilo linalovunjwa kuliko yote. Sababu inaeleweka. Muuguzi wa zamu anamwona mtu amelala, nguo za hospitali zimemzidi, miwani imebaki nyumbani, meno ya bandia yamebaki nyumbani, kifaa cha kusikia kimebaki nyumbani, anajibu ovyo. Macho yanasema ngazi ya saba. Ukweli ni kwamba kila mwenye nimonia kali anaonekana wa ngazi ya saba akiwa machela. Mtu aliyekuwa akiendesha gari wiki iliyopita anaandikiwa namba ya mtu asiyejiweza, na kuanzia hapo kila anayefungua faili anaanza na picha potofu.

Kwa hiyo upimaji wa udhaifu katika dharura, kwa undani wake, ni kazi ya kutafuta ushahidi. Ni kumleta chumbani mtu ambaye hayupo, yaani mgonjwa huyuhuyu kabla hajaugua. Kazi hiyo haina mashine. Inahitaji mtu aketi dakika chache na kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Kabla ya haya, ulikuwa unatembea nyumbani bila kushika ukuta? Nani alikuwa anapanga dawa zako? Ulikuwa unaoga mwenyewe? Mara ya mwisho kutoka nje peke yako ni lini? Wa kwanza kuulizwa ni mgonjwa mwenyewe, hata kama majibu yake yatahitaji kuthibitishwa, na nasisitiza hilo kwa sababu nimeona mara nyingi mno mzee akiongelewa juu ya kichwa chake kana kwamba ni mzigo ulioletwa na msindikizaji. Baada yake ndipo wafuate ndugu, jirani, mlezi, hata aliyemleta kwa gari la wagonjwa, ambaye ameona nyumba ilivyo: kama kuna chakula, kama kitanda kimehamishiwa sebuleni, kama dawa zimejaa pakiti ambazo hazijafunguliwa.

Ndugu nao wasikilizwe kwa tahadhari. Anayeishi mbali na kupiga simu kila Jumapili atakuambia mama hana tatizo lolote. Anayeishi naye na amechoka atakuambia hafanyi chochote. Wote wawili hawadanganyi. Swali la jumla kama "hali yake ikoje kwa kawaida" huleta hisia. Swali la kitendo, "jana juzi alivaa mwenyewe au alivalishwa", huleta habari.

Kuna mlango mwingine ambapo swali lilelile la wiki mbili linahitajika, nao ni akili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa madaktari wa dharura hawakutambua kuchanganyikiwa kwa ghafla katika asilimia 76 ya wazee waliokuwa nako. Namba hiyo inatisha, lakini ukikaa katika idara kwa zamu moja utaielewa. Mgonjwa aliyechanganyikiwa ambaye kila mtu anamjua ni yule anayepiga kelele na kung'oa dripu. Wengi wao hawako hivyo. Wengi wako kimya, wamelala, wanaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na katika idara iliyojaa, mgonjwa mtulivu ni zawadi. Anaandikwa "ametulia" na watu wanapita. Kimya hicho huweza kuwa dalili pekee ya damu kujaa sumu ya maambukizi, ya mkojo uliozuiwa, ya dawa iliyozidi au ya mshtuko wa moyo usio na maumivu ya kifua.

Kipimo kinachoitwa 4AT hugundua hali hii kwa hatua nne: je, yuko macho kikamilifu; anajua umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka; anaweza kutaja miezi kutoka Desemba kurudi nyuma; na je, kuna mabadiliko ya ghafla au hali inayopanda na kushuka. Alama nne au zaidi zinaashiria kuchanganyikiwa kwa ghafla. Hatua ya mwisho ndiyo nzito, inatosha peke yake kufikisha alama hizo nne, na haijibiki bila mtu anayemfahamu mgonjwa, kwa kuwa inauliza kilichobadilika ndani ya wiki mbili zilizopita. Aliyezoea kusahau siku si sawa na aliyeisahau leo. Ukikosa shahidi, mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu anaonekana mgonjwa mpya, na mgonjwa mpya anaonekana mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Vipimo vya awali vinavyochukuliwa mlangoni navyo huwapotosha wapimaji wasiojua historia. Presha ya 110 kwa kijana ni nzuri. Kwa mtu ambaye miaka kumi amekuwa na 170 huenda ni dalili kwamba mzunguko wa damu unashindwa. Dawa za kundi la beta-bloka huzuia mapigo ya moyo kupanda, hivyo mtu anavuja damu ndani huku mapigo yakisoma 70. Joto linaweza lisipande hata maambukizi yakiwa makali. Tumbo la aliyetoboka utumbo linaweza kuwa laini. Mgonjwa anafika na maelezo ya "ameanguka" au "hali si nzuri tu", namba zake zinapita, anapangwa kundi la kusubiri. Kuanguka, nisisitize, mara nyingi ni matokeo ya kitu kingine. Kuandika "ameanguka" kama jina la ugonjwa ni kama kuandika "amekuja". Kwa mtu wa ngazi ya sita, kushindwa kusimama leo wakati jana aliweza ni dalili ya hatari, ipewe uzito unaopewa maumivu ya kifua.

Hapa mwenye shaka ana haki ya kuuliza: je, namba hizi kweli zinatabiri? Jibu la kweli ni kwamba zinatabiri kwa wastani na zinakosea kwa mtu mmoja mmoja. Dodoso la ISAR la kuwatambua wazee walio hatarini, lililotungwa Montreal na kuchapishwa mwaka 1999, lina maswali sita ya ndiyo au hapana, na majibu mawili mabaya yanatosha kukuweka kundi la hatari. Kwa vigezo hivyo wazee wengi sana hunaswa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihitimisha kuwa ISAR na vyombo vya aina yake, vikitumika peke yake, havina usahihi wa kutosha kumtenga atakayerudi hospitalini, atakayepoteza uwezo au atakayefariki na yule atakayekuwa salama. Kuna waliosoma hitimisho hilo wakasema basi tuache kupima.

Mimi nadhani walikuwa wanadai kitu kisicho kazi ya kipimo. Hatupimi udhaifu ili tubashiri. Tunapima ili tubadilishe tunachofanya usiku huu. Mtu wa ngazi ya sita asiandikiwe dripu ya masaa kumi na mbili bila sababu, kwa kuwa dripu ni kamba inayomfunga kitandani. Asiwekwe mpira wa mkojo kwa ajili ya urahisi wa zamu. Apewe maji na chakula, maana amri ya "asile chochote" ikishaandikwa asubuhi huweza kusahauliwa hadi usiku. Dawa zake za nyumbani zipitiwe, na zile za usingizi na za kutuliza zitazamwe mara mbili. Aletewe miwani na kifaa chake cha kusikia. Ainuliwe, aketi kwenye kiti, asimame akishikwa. Kitanda cha wodi kikipatikana kimoja na wanaongoja ni watano, ngazi ya udhaifu iwe sehemu ya kuamua nani anatangulia.

Haya yanaonekana madogo mpaka uone gharama ya kutoyafanya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya, wastani wa umri miaka 67, walijitolea kulala kitandani siku kumi. Hawakuwa na homa, hawakuwa na maumivu, walikula vizuri. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama isiyo mafuta miguuni. Fikiria sasa mtu wa miaka 85 anayeumwa na asiyekula. Katika hospitali za Marekani, tafiti zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 30 ya waliolazwa wakiwa na miaka 70 na zaidi huondoka wakiwa wamepoteza uwezo wa kufanya walau jambo moja la kila siku walilokuwa wakilifanya kabla ya kuugua. Nimonia imepona, picha ya kifua ni safi, daktari ameridhika, na mgonjwa hawezi tena kwenda chooni mwenyewe.

Ujuzi wa kuzuia hilo si mpya. Katika miaka ya 1930, daktari Marjory Warren katika hospitali ya West Middlesex, Uingereza, alikabidhiwa wodi za wagonjwa wa muda mrefu walioachwa kitandani kama watu wasio na tumaini. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawatibu kilichotibika, akawainua, na wengi wakarudi makwao. Kutokana na kazi ya namna hiyo ulizaliwa uchunguzi kamili wa mzee: daktari, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ofisa wa ustawi wa jamii, wote wakimtazama mtu mmoja kwa mpango mmoja. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yenye majaribio 29 na washiriki zaidi ya 13,000, yalionyesha kuwa waliolazwa na kupata uchunguzi huo walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na nyumbani kwao miezi mitatu hadi kumi na miwili baadaye. Tahadhari ni kwamba ushahidi huo umetoka wodini zaidi. Katika dharura yenyewe ushahidi ni mwembamba, na anayekuambia kuwa namba pekee, bila hatua yoyote kufuata, imeokoa wagonjwa, anakuuzia maneno.

Uingereza ilijaribu kuifanya namba hiyo kuwa sera. Mpango wa muda mrefu wa huduma ya afya ya taifa wa mwaka 2019 ulitaka hospitali zenye dharura kubwa ziwe na huduma ya udhaifu kwa saa zisizopungua 70 kwa wiki, zikilenga kukamilisha tathmini ndani ya dakika 30 tangu mgonjwa afike. Naipenda nia yake na naiogopa saa yake. Ukimwambia muuguzi mwenye wagonjwa kumi na wawili kwamba kisanduku kijazwe ndani ya nusu saa, kisanduku kitajazwa. Atakijaza kwa kutazama, kwa sababu kumpigia simu binti wa mgonjwa kunachukua muda mrefu kuliko kuandika namba. Lengo linafikiwa na kipimo kinakufa. Ningependa zaidi namba iliyochelewa saa mbili ikiwa na jina la aliyetoa maelezo kuliko iliyowahi bila shahidi.

Hoja ya kwamba wahudumu hawana muda ninaiheshimu, na mara nyingi ni kweli. Lakini itazamwe vizuri. Muda hautumiki kwenye kuchagua ngazi; hiyo ni kazi fupi ukishakuwa na maelezo. Unatumika kwenye kuuliza, na maswali yenyewe mengi yangeulizwa tu baadaye wodini, na mtu mwingine, mara tatu, wakati aliyekuja na mgonjwa ameshaondoka. Saa ya kwanza ndiyo saa yenye mashahidi. Hospitali isiyo na bingwa wa magonjwa ya wazee bado inaweza kuitumia saa hiyo, kwa kuwa kutofunga mgonjwa kwa mipira na kumsimamisha kunahitaji ruhusa na mikono, si ubingwa.

Hatari kubwa iko upande mwingine, pale namba inapogeuzwa kuwa mlango wa kufungia. Machi 2020, wimbi la kwanza la uviko lilipoanza, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya tiba Uingereza ilichapisha mwongozo uliotumia kipimo cha Rockwood kama hatua ya kwanza ya kufikiria nani anafaa kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Ndani ya siku chache, baada ya malalamiko ya familia na mashirika ya watu wenye ulemavu, mwongozo ulirekebishwa kusema kuwa kipimo hicho kisitumike kwa vijana, wala kwa watu wenye ulemavu wa kudumu ulio tulivu kama mtindio wa ubongo, ulemavu wa kujifunza au usonji. Kosa lilikuwa wazi kwa kila anayekijua kipimo. Kijana wa miaka 30 anayesaidiwa kuoga tangu utotoni hajapoteza akiba yoyote, anasaidiwa tu. Kipimo kilitokana na utafiti wa wazee, na kinatafsiri utegemezi kama dalili ya kuporomoka. Kwa mtu ambaye hajaporomoka, tafsiri hiyo ni uongo wenye sura ya sayansi.

Hata kwa wazee wenyewe, ngazi ya saba si uamuzi. Ni sababu ya kuwa na mazungumzo yaliyopaswa kufanywa mapema: mgonjwa anataka nini, anaogopa nini, kama kuna tiba ambayo mateso yake yanazidi faida yake kwake yeye. Wapo wa ngazi ya saba watakaotaka kila kinachowezekana, na wapo wa ngazi ya nne watakaosema wamechoka na mashine. Namba haijui lolote kati ya hayo. Daktari anayeandika "ngazi ya 7, hafai upasuaji" bila sentensi moja kuhusu alichosema mgonjwa hajafanya tathmini. Amefanya hesabu ya ukubwa wa kazi. Na kumbuka kwamba kutuliza maumivu ya nyonga iliyovunjika, hata kwa mtu wa ngazi ya nane, ni tiba ya dharura, na mara nyingi upasuaji wenyewe ndio unaoyatuliza.

Linabaki suala la wanaorudishwa nyumbani moja kwa moja kutoka dharura, ambao wanazungumzwa kidogo kuliko wanaolazwa. Vipimo vimekuja safi, hakuna kilichovunjika, mgonjwa anaruhusiwa saa tisa usiku. Kanuni yangu ingekuwa moja: asiruhusiwe mtu wa ngazi ya tano au zaidi ambaye hakuna aliyemwona akitembea ndani ya idara kwa namna anayotembea nyumbani, na fimbo yake kama anatumia fimbo. Picha ya nyonga inaonyesha mfupa, haionyeshi kama atafika chooni. Barua anayopewa iseme alikuwaje wiki mbili zilizopita, yukoje leo, nani atalala naye usiku huu, na kituo gani kitamwona tena ndani ya siku chache.

Na ngazi inayoandikwa kwenye barua hiyo iwe na tarehe na chanzo: "ngazi ya 5, kwa maelezo ya binti yake anayeishi naye, hali ya mwanzoni mwa mwezi huu". Udhaifu hupanda na kushuka. Aliyepimwa wa sita miezi miwili baada ya kuvunjika nyonga anaweza kuwa wa nne mwaka unaofuata akipata mazoezi na chakula. Mifumo ya kompyuta ya hospitali hupenda kunakili namba ya zamani na kuiweka juu kabisa ya faili jipya bila kusema ni ya lini. Hilo lizimwe. Kila ujio uanze na kisanduku kitupu, na namba ya zamani ikae chini yake ikiwa na tarehe yake.